Soichiro Honda: Fundi aliyefunga injini ya redio ya jeshi kwenye baiskeli

Jina la Honda tunaliona kila siku: kwenye tangi la pikipiki, kwenye pampu ya kumwagilia bustani, kwenye jenereta inayowasha taa za harusi. Ni jina la ukoo. Mwenye jina hilo, Soichiro Honda, alikuwa mtoto wa mhunzi wa kijijini. Mwaka 1946, nchi yake ya Japani ikiwa magofu, alichukua vijiinjini vilivyoachwa na jeshi akavifunga kwenye baiskeli. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa.

Katika makala haya tunasimulia maisha yake, na tutakaa zaidi kwenye ile baiskeli. Vijijini kwetu wapo mafundi waliowahi kufunga injini ya pampu kwenye baiskeli. Ikatembea, watu wakashangilia, na mambo yakaishia hapo. Ya Honda hayakuishia hapo. Tuone kwa nini.

Mtoto wa mhunzi

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, mkoa wa Shizuoka, karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi, na baadaye akafungua kazi ya baiskeli: alinunua mbovu, akazitengeneza na kuziuza. Mama yake, Mika, alikuwa hodari wa kufuma nguo. Mtoto alikulia kati ya nyundo, moto na mafuta ya mnyororo.

Akiwa mdogo aliona gari likipita kijijini kwao kwa mara ya kwanza. Alilikimbilia kwa nyuma. Liliposimama likadondosha oili chini, naye akainama kuinusa. Harufu hiyo aliikumbuka hadi uzeeni.

Mwaka 1917 rubani Mmarekani aitwaye Art Smith alifika Hamamatsu kuonyesha ndege. Soichiro alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa. Ilikuwa kubwa kuliko yeye, kwa hiyo alipitisha mguu katikati ya fremu na kupiga pedali akiwa upande, kama watoto wetu wanavyofanya mpaka leo. Alipofika hakuwa na pesa za kiingilio, akapanda mti, akaitazama ndege kutoka huko juu.

Shuleni hakuwa mtulivu. Mzazi alitakiwa kugonga muhuri wa familia kwenye ripoti ya masomo, na Soichiro akachonga muhuri wa bandia kwa mpira wa pedali ya baiskeli. Jina la Honda likiandikwa kwa herufi za Kijapani linafanana kulia na kushoto, kwa hiyo wake ulipita. Alipowachongea wenzake, majina yakatoka yamegeuka kama kwenye kioo, naye akanaswa.

Mwanagenzi Tokyo

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji iliyoitwa Art Shokai, chini ya mwenye gereji Yuzo Sakakibara. Kwa miezi ya mwanzo hakushikishwa spana. Alipewa kazi ya kubeba mtoto wa bosi na kufagia. Alivumilia, akitazama kazi kwa macho.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi likaipiga Tokyo, na moto ukafuata. Wafanyakazi waliambiwa wayatoe magari ya wateja nje, na Soichiro akaendesha gari kwa mara ya kwanza katika barabara zilizojaa watu wanaokimbia. Baada ya hapo mafundi wengi walirudi kwao. Walibaki wachache, wakitengeneza magari yaliyoungua. Hapo ndipo alipoujua ufundi kwa kweli.

Gereji hiyo pia iliunda gari la mashindano kwa kuchukua injini ya ndege ya Kimarekani aina ya Curtiss na kuifunga kwenye gari. Honda alikuwa miongoni mwa waliolijenga. Novemba 1924 gari hilo lilishinda mashindano, na yeye, kijana wa miaka 18, alikuwa ameketi ndani kama fundi msaidizi wa dereva. Tulitie jambo hili akilini: mapema kabisa alijifunza kwamba injini iliyotengenezwa kwa kazi moja inaweza kufanya kazi nyingine, ikiwa fundi ataijua vizuri.

Ringi 3 kati ya 50

Mwaka 1928 Sakakibara alimruhusu kufungua tawi la gereji mjini Hamamatsu. Biashara ilikwenda vizuri. Honda alipenda pia mashindano, na mwaka 1936 gari lake lilipinduka katika uwanja wa Tamagawa. Yeye na mdogo wake waliumia vibaya.

Baadaye akaacha kutengeneza magari ya watu akaingia kwenye kuunda vipuri. Alichagua ringi za pistoni, yale mapete ya chuma yanayoizunguka pistoni ili nguvu ya mlipuko isivuje na oili isipande kuungua. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini kukitengeneza ni kazi ngumu. Alipopeleka ringi 50 kwa kampuni ya Toyota zikapimwe, 3 tu zilifaulu.

Honda alielewa kwamba mkono wake ulikuwa hodari ila hakuijua sayansi ya chuma. Akiwa mtu mzima mwenye mke na wafanyakazi, alijiunga na shule ya ufundi ya Hamamatsu, akikaa darasani na vijana. Alisikiliza yaliyohusu ringi zake na hakufanya mitihani, kwa hiyo cheti hakupata. Elimu aliipata, na kiwanda chake, Tokai Seiki, kikaanza kutoa ringi zilizokubalika.

Kisha vita vikafika nyumbani. Kiwanda kimoja kilipigwa mabomu na ndege za Marekani. Kingine kiliporomoka kwenye tetemeko la Januari 1945. Japani iliposalimu amri Agosti 1945, Honda aliuza vilivyobaki kwa Toyota, akakaa karibu mwaka mzima bila kazi rasmi.

Ile baiskeli ya 1946

Tuieleze hali ya Japani wakati ule, maana bila kuielewa baiskeli hii haina maana. Miji ilikuwa imeungua. Chakula kilikuwa kwa mgawo na hakikutosha, kwa hiyo watu wa mjini walikwenda vijijini kutafuta mchele na viazi. Treni zilijaa watu hadi milangoni. Petroli nayo ilikuwa kwa mgawo. Waliobaki na baiskeli walijiona matajiri, lakini kupanda mlima na gunia nyuma si mchezo. Mke wa Honda, Sachi, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakihangaika hivyo kutafuta chakula cha familia.

Mwaka huo wa 1946 Honda alifungua karakana ndogo Hamamatsu. Kwanza alifikiria kutengeneza mashine ya kufumia nguo. Siku moja, nyumbani kwa rafiki, akaona kijiinjini kidogo. Kilikuwa cha jenereta iliyotumiwa na jeshi kutoa umeme wa redio ya mawasiliano. Vita vilikuwa vimekwisha, na vijiinjini hivyo vilikuwa vimelala tu. Honda alivipata takriban 500.

Hakuwa mtu wa kwanza duniani kufunga injini kwenye baiskeli. Ulaya jambo hilo lilikuwa limefanywa tangu zamani. Tofauti yake ilikuwa katika namna alivyofanya kazi.

Kwanza, tangi la mafuta. Hakuwa nalo, na hakukuwa na duka la kulinunua. Akachukua chombo cha bati ambacho Wajapani hukitia maji ya moto na kukiweka kitandani wakati wa baridi ili kupasha miguu joto. Kilikuwa na kifuniko, hakikuvuja, na umbo lake lilikaa vizuri. Kikawa tangi la baiskeli ya majaribio.

Pili, namna ya kuipeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Mwanzoni aliiweka injini mbele, ikizungusha roli ya mpira iliyokandamizwa juu ya tairi la mbele. Njia hiyo ni rahisi, kwa kuwa haihitaji mnyororo wala gia. Lakini tairi liliteseka: msuguano ulilimaliza, likapasuka, na tairi wakati ule lilikuwa adimu kama mchele. Akaibadilisha. Injini ikahamia katikati ya fremu, na mkanda ukapeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Mkanda hauli tairi, na ukichakaa ni rahisi kuubadilisha.

Tatu, mafuta. Petroli ilikuwa haipatikani kwa urahisi, kwa hiyo ilichanganywa na mafuta yaliyokamuliwa kutoka mizizi ya misonobari. Mchanganyiko huo ulinuka na haukuwaka upesi. Mwendeshaji alipiga pedali kwa muda mpaka injini ipate moto na kushika. Kwa mtu aliyekuwa amezoea kupiga pedali safari nzima, hilo halikuwa tatizo.

Nne, na hapa ndipo penye somo, kila injini ilifunguliwa. Honda na vijana wake, ambao hawakuzidi kumi na wachache, hawakuichukua injini ya jeshi na kuifunga kama ilivyo. Waliibomoa yote, wakaisafisha, wakarekebisha kilichohitaji kurekebishwa, wakaifunga upya. Baiskeli ilipokamilika ilijaribiwa barabarani kabla ya kuuzwa.

Mke aliyeijaribu

Mmoja wa waliojaribu alikuwa Sachi. Honda alitaka kuona kama mwanamke anaweza kuiendesha bila shida, na pia alijua watu wa mji wangegeuza shingo wakimwona. Sachi alivaa suruali yake nzuri kuliko zote, zile pana walizovaa wanawake wa Japani enzi za vita, akazunguka mjini.

Aliporudi suruali ilikuwa imelowa mafuta. Kabureta ilikuwa ikitema mafuta nyuma, yakamrukia mwendeshaji. Sachi alimwambia mumewe wazi kwamba haifai hivyo, na mteja akirudi na nguo chafu atagomba. Honda alikuwa mtu wa hasira za karibu, na kwa kawaida angemwambia anyamaze. Safari hii alinyamaza yeye. Kabla baiskeli hazijaanza kuuzwa, kasoro hiyo ilirekebishwa.

Tunalitaja tukio hili kwa makusudi. Fundi hukitazama alichokiunda kwa jicho la mzazi: kinawaka, kinatembea, basi kizuri. Mwendeshaji hukitazama kwa jicho la anayekwenda sokoni na nguo moja safi.

Watu walimiminika. Wafanyabiashara wa Nagoya, Osaka na Tokyo walisikia habari wakafunga safari hadi Hamamatsu kununua.

Vijiinjini vilipokwisha

Karakana ikauza, na vile vijiinjini vya jeshi vikaelekea kwisha. Jeshi lenyewe halipo tena, na vingine havitatengenezwa. Hapa ndipo mafundi wengi wanaotegemea chuma chakavu husimama. Kitu kizuri kimepatikana kwa bahati, na bahati haina duka la vipuri.

Honda aliamua kutengeneza injini yake. Ya kwanza aliyoibuni ilikuwa na kichwa kirefu kilichosimama wima, hata wakaiita dohani. Ilikuwa na mawazo mapya, lakini ilikuwa ngumu mno kutengenezwa kwa uwezo waliokuwa nao, na haikuingia sokoni. Wakaanza upya. Wakati huo alikuwa amemwajiri kijana aliyesoma uhandisi, Kiyoshi Kawashima, aliyemsaidia kuchora.

Mwaka 1947 ikatoka injini iliyoitwa aina ya A. Ilikuwa ya cc 50, ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, na nguvu yake ilikuwa kama nusu ya farasi mmoja. Mwendeshaji alikuwa na mkono wa kuukaza na kuulegeza mkanda, na huo ndio uliokuwa klachi. Hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa jina la Honda.

Wajapani wakaipa jina kutokana na mlio wake: bata bata. Sisi Waswahili tunaelewa mara moja, kwa kuwa tulifanya vivyo hivyo. Tuliposikia chombo cha namna hiyo kikipita, tulikiita pikipiki, na wengine wakakiita tukutuku.

Tarehe 24 Septemba 1948 karakana ikasajiliwa kuwa kampuni ya Honda, ikiwa na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata ikatoka Dream, pikipiki kamili ya cc 98 yenye fremu yake.

Mtu wa pesa na mtu wa spana

Honda hakuwa hodari wa hesabu za fedha, na alilijua hilo. Mwaka 1949 alikutana na Takeo Fujisawa, mfanyabiashara, wakagawana kazi: Honda karakanani, Fujisawa kwenye pesa na mauzo. Hawakuingiliana.

Mwaka 1952 kampuni ilitoa injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli, iliyoitwa Cub. Fujisawa aliandika barua kwa maduka ya baiskeli zaidi ya 50,000 kote Japani, akiyaeleza kwamba wateja sasa wanataka baiskeli yenye injini. Maduka takriban 13,000 yakakubali kuziuza. Wauzaji wa baiskeli wakawa wauzaji wa Honda.

Mwaka 1958 ikaja Super Cub. Fujisawa alitaka chombo ambacho hata kijana wa kupeleka chakula majumbani anaweza kukiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia la tambi. Kwa hiyo ilitengenezwa bila klachi ya mkono, ikawa na kinga ya miguu dhidi ya tope, na sehemu ya kupita mguu iliyo chini, hata kwa mwenye sketi. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilizotengenezwa zilikuwa zimefika milioni 100. Hakuna chombo cha moto kilichowahi kutengenezwa kwa wingi kama huo.

Kwenye mashindano, Honda alitangaza mwaka 1954 kwamba atashiriki yale ya Kisiwa cha Man, yaliyokuwa makali kuliko yote. Watu walimwona anaota. Mwaka 1959 pikipiki zake zilikwenda, na mwaka 1961 zikashinda katika cc 125 na cc 250.

Ukaidi, na kukubali kushindwa

Hatutamchora kama malaika. Wafanyakazi walimwita Radi. Aliona kazi ya ovyo akafoka, na mara nyingine akapiga. Alikuwa mkaidi pia. Aliamini kwamba injini ya gari inafaa kupozwa kwa hewa, kama ya pikipiki, bila maji wala rejeta. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya magari nchini Ufaransa, gari la Honda lenye injini ya namna hiyo liliacha njia, likawaka moto, na dereva Jo Schlesser akafa.

Wahandisi vijana wa kampuni walikuwa wakisema injini ya kupozwa kwa maji ndiyo njia, hasa ili kupunguza moshi mchafu. Bosi hakusikia. Fujisawa akamwendea, akamuuliza kama yeye ni rais wa kampuni au ni mhandisi. Honda akachagua kuwa rais, akawaachia vijana wafanye walivyoona. Mwaka 1972 walitoa injini iliyotimiza masharti makali ya Marekani kuhusu hewa chafu, wakati makampuni makubwa ya huko yakisema haiwezekani kwa muda uliowekwa.

Honda aliona ushindi huo kama nafasi ya kuwapita Wamarekani. Vijana wakamwambia wao waliifanya kwa ajili ya jamii. Aliguswa, na akaona wakati wake umefika. Mwaka 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Kiti cha rais kilikwenda kwa Kawashima, yule kijana wa mwaka 1947.

Baada ya kustaafu alizunguka Japani, kituo hadi kituo cha kampuni, kuwashika mikono wafanyakazi na kuwashukuru. Inasimuliwa kwamba mmoja aliurudisha mkono wake kwa sababu ulikuwa na oili. Honda akauvuta, akaushika.

Alifariki tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza asifanyiwe mazishi makubwa ya kampuni, kwa sababu mtengenezaji wa magari hapaswi kusababisha foleni barabarani.

Kwetu

Bodaboda zetu nazo zilianza na baiskeli, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zikivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Injini ikaja baadaye. Na hata pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zinazopita vijijini kwetu zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda waliibuni baada ya kuona kwamba katika nchi zenye barabara mbovu oili haibadilishwi kwa wakati, wakaiondoa cheni inayoendesha valvu wakaweka vijiti vya kusukuma. Ndiyo maana fundi wa chini ya mwembe anaweza kuifungua kwa spana chache.

Kwa kijana anayefikiria kufunga injini kwenye baiskeli, tunaongeza neno moja la usalama: breki za baiskeli zilitengenezwa kwa mwendo wa miguu. Ukiongeza mwendo, anza na breki, kisha tangi lisilovuja, mbali na ekzosi. Halafu mpe mtu mwingine aijaribu, na usikilize atakaporudi.